Chombo Kilicholala Vidole Vitatu

Mashua nyingi zilizofanya kazi miaka mingi hazikai sawasawa majini. Ukiisogelea mojawapo kwa mtumbwi asubuhi ya shwari, ukaitazama kutoka upande wa omo, utaona ubavu mmoja umekaribia maji kuliko mwenzake kwa vidole viwili, pengine vitatu. Abiria anayepanda gatini Lamu na gunia lake la nazi hatambui. Mpiga picha naye hatambui. Picha zake hutoka nzuri vilevile. Nahodha ndiye anayejua, wala hakujulishwa na macho. Amejua kwa kiganja, maana kana ya usukani humvuta upande uleule kila siku, hata upepo ukiwa wa wastani. Amejua kwa sababu chombo chake hushika upepo vizuri kikilalia kulia, na kikigeuzwa joshi la pili huwa kizito, kikaburutwa kando badala ya kwenda mbele. Tena baharia wake anayetoa maji ya ngama hutia upo mahali palepale siku zote, ubavu wa kushoto, nyuma kidogo ya mlingoti.

Kwa hesabu ni jambo dogo. Mashua yenye upana wa mita 3, ubavu mmoja ukizama sentimita 5 kuliko wa pili, imelala digrii 1 tu. Mtu mzima mmoja akiondoka katikati ya chombo cha kadiri hiyo akaenda kukaa ubavuni, aweza kukilaza kiasi hicho peke yake. Ndiyo maana wako wenye vyombo wanaosema kiachwe kiende hivyohivyo, mbona kimeenda miaka yote. Mimi nimo katika wale wasiokubali, na kinachonivuta zaidi ni kazi yenyewe ya kukirudisha sawa. Katika ufundi wa pwani yetu sijaona mwingine unaodai subira kama huu, wala mwingine ambao sehemu yake kubwa huisha kabla tezo haijatoka kapuni.

Sifa tumezoea kumpa fundi anayeunda chombo kipya, na anazistahili. Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na Nungwi kule Unguja, majahazi na mashua zimeinuliwa mchangani bila mchoro wa karatasi, kwa jicho na mkono na kumbukumbu ya vyombo vilivyotangulia. Lakini anayeunda upya anaanza na mkuku mtupu. Kila taruma atakaloliweka ni lake, kila ubao utafuata shauri lake. Aliyeitwa kunyoosha chombo cha kizee hukuta mashauri ya watu wengine yamekwisha pigiliwa misumari. Yupo fundi wa kwanza, ambaye huenda ni marehemu. Yupo wa pili aliyebadilisha mbao tatu za ubavuni mwaka ambao mbao nzuri zilikuwa ghali. Yupo nahodha aliyefunga mashine mahali ilipoenea, na tajiri aliyeongeza paa kwa ajili ya watalii wa machweo. Wote hao wamo ndani ya vile vidole vitatu, na fundi hana budi kuwajua mmoja mmoja kabla hajagusa kitu.

Kwa hiyo anaanza kwa kutazama. Anachagua asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yamejaa na kusimama. Chombo hakifungwi gatini, kwa kuwa kamba fupi ikikazika maji yakipwa, chombo huning'inia kama mtu aliyeshikwa mkono, na ulalo unaouona ni wa kamba. Kinaachwa kwenye nanga yake kielee kitakavyo. Watu wote wanateremka. Watoto, ambao hawawezi kuona chombo kinapimwa wasikimbilie ukingoni kuchungulia, wanaambiwa wakae pwani. Kisha foromali inashushwa na kulazwa katikati juu ya mkuku. Hili huwashangaza wasiojua. Foromali ya vyombo vyetu ni mti mrefu sana, pengine mrefu kama chombo chenyewe au kukizidi, nayo haikai mbele ya mlingoti sawasawa. Huning'inia upande mmoja wake, pamoja na tanga lililokunjwa ambalo huenda bado limelowa umande. Chombo kikipumzika wiki nzima foromali ikiwa kushoto, kitalala kushoto, na hakina ugonjwa wowote.

Nahodha mwenye haraka humwuliza, "Fundi, kazi utaanza lini?" Naye hujibiwa kwa upole, "Nimeshaanza, nahodha wangu."

Baada ya hapo fundi anazunguka kwa mtumbwi. Anatazama kutoka omo, anatazama kutoka tezi, anasogea mbali akatazama tena. Mstari wa rangi uliopakwa ubavuni hauamini, kwa kuwa ulipakwa nchi kavu chombo kikiwa kimeegemezwa kwenye gadi, na aliyeupaka alifuata jicho lake. Kingo mbili za ubavu nazo haziamini sana. Zilichongwa kwa mkono na si ajabu moja kuwa juu ya mwenzake tangu siku ya kwanza. Hata yale macho mawili ya duara yaliyowekwa omoni mwa majahazi ya Lamu hayatoi ushahidi kamili, ingawa mtu akisimama mbele huvutwa kuyalinganisha na maji. Maji ndiyo yasiyokosea. Fundi anaweka alama za chaki pale maji yanapogusa ubao, kulia na kushoto, mbele, katikati na nyuma, ili apate kuzilinganisha chombo kikitoka majini.

Ndani hutundika timazi. Anavuta uzi kutoka omo hadi tezi juu ya mkuku, kisha kutoka kwenye boriti inayopita juu ya ngama anateremsha uzi wa pili wenye risasi. Uzi ukiwa na urefu wa mita 2, kila digrii 1 ya ulalo huipeleka ile risasi sentimita 3.5 kutoka katikati. Kipimo kidogo kama hicho hakivumilii mtikisiko, basi chini yake huwekwa ndoo ya maji na risasi ikazamishwa humo, ili maji yaizuie kupepea. Napenda sana mpango huu. Ndoo, uzi na kipande cha risasi, vitu vinavyopatikana katika nyumba ya mvuvi yeyote, vinatoa jibu ambalo hakuna atakayebishana nalo.

Halafu yanaletwa magunia ya mchanga. Gunia moja linatolewa katikati na kuwekwa ubavu wa kulia, na mwendo wa risasi unapimwa. La pili linafuata. Chombo kizima hujibu kwa utaratibu: gunia moja limekipeleka kidole, mawili yatakipeleka viwili. Mfaransa Pierre Bouguer alieleza kwa hesabu, katika kitabu chake cha mwaka 1746, kwa nini chombo kilicholazwa hujiinua tena, na nguvu hiyo ya kujiinua inategemea nini. Meli za chuma za leo bado hupimwa kwa namna hii, kwa uzito unaojulikana, umbali unaojulikana na uzi wenye timazi. Fundi wa mashua hahitaji kumsoma Bouguer ili aione kweli ileile ndani ya ndoo, lakini nadhani wangeketi pamoja wakasikilizana vizuri.

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo ninapomheshimu fundi zaidi. Kuna ulalo wa aina mbili, na kwa macho zinafanana. Ya kwanza ni ya uzito uliokaa kando. Chombo kimelala kushoto kwa sababu kushoto kuna kitu kizito, na kesho kitalala kushoto vilevile. Ya pili ni ya uzito uliokaa juu. Chombo kilichoongezwa paa, viti vya juu, matangi ya maji juu ya sitaha, huku chini kimepunguzwa farumi, yaani uzito wa kukituliza, ili kiwe chepesi, hupoteza nguvu ya kusimama wima. Kinatafuta pa kuegemea. Leo kimelala kushoto, kesho kikipigwa na wimbi la boti ya mwendo kasi kinahamia kulia na kubaki huko. Ukikidhania ni cha aina ya kwanza, ukampa baharia magunia ayapange upande ulioinuka, hakitanyooka. Kitaanguka kwa ghafla upande wa pili, kikiwa sasa na uzito wa magunia kukisukuma chini zaidi. Dawa yake ni kuteremsha uzito, kuondoa vya juu na kurudisha farumi chini karibu na mkuku.

Historia ya bahari ina funzo lake hapa. Tarehe 10 Agosti 1628 meli mpya ya kivita ya Uswidi, Vasa, iling'oa nanga Stockholm, ikaenda mita 1,300 hivi, ikalazwa na upepo usio mkubwa, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, ikazama watu wakiitazama. Mapema ilikuwa imejaribiwa ikiwa imefungwa: wanaume 30 walikimbizwa sitahani kutoka ubavu hadi ubavu, na walipokwisha kukimbia mara tatu jaribio likasimamishwa kwa jinsi meli ilivyoyumba. Kipimo kilisema kweli, ila waliokuwa na amri hawakukifuata. Fundi wa mashua ana sauti ndogo kuliko wajenzi wa mfalme, lakini nimemwona akimwambia tajiri wazi kwamba lile paa literemke kwanza, ndipo kazi iendelee. Tajiri alinuna. Paa liliteremka.

Tuseme mashua yetu ni ya aina ya kwanza, kama zilivyo nyingi. Sasa vitu vinatolewa vyote hadi sakafu ya ngama ionekane, na lundo linakua pwani. Zinatoka nanga na amari yake, pipa la dizeli, madumu ya maji, sanduku la mchanga la kupikia, nyavu za mtu aliyeomba kuziweka kwa siku mbili. Yanatoka magunia ya farumi, na fundi anayanyanyua moja moja kwa sababu gunia lililokaa ubavu unaovuja hunywa maji na kuwa zito kuliko ndugu zake, ijapokuwa yote yalijazwa siku moja. Chini kabisa, katika vyombo vya kizee, mara nyingi hutoka mawe ya matumbawe yasiyojulikana yaliwekwa na nani. Yamebanwa kati ya mataruma upande mmoja, yameota ukungu. Nahodha fulani wa zamani alikuta chombo kimelala kulia, akatia mawe kushoto, kikanyooka. Baadaye sababu ya ule ulalo wa kulia iliondolewa, ubao ulibadilishwa au shehena ikawa nyingine, lakini mawe yakabaki. Ulalo wa leo ni dawa ya jana iliyosahauliwa mwilini mwa mgonjwa. Fundi anapoyaona hayo hatabasamu wala halaumu. Anayapanga pwani kwa mpango uleule alioyakuta nao, kwa kuwa bado hajajua kama atayahitaji.

Kisha maji. Chini ya mataruma hupitishwa njia ndogo ili maji ya ngama yatiririke hadi mahali pa chini yakachotwe. Zikizibwa na mchanga, magamba ya samaki na nyuzi za magunia, maji hubaki yamefungwa kati ya taruma na taruma. Upande uliolala kidogo hupata zaidi, na ukipata zaidi hulala zaidi. Maji yaliyo huru ndani ya chombo ni mzigo mbaya kuliko jiwe, kwa sababu jiwe hukaa pale ulipoliweka, maji huukimbilia upande unaoanguka. Kuzisafisha njia hizi ni kazi ya kupiga magoti, kwa kijiti na waya, mikono ikinuka sifa na matope ya miaka. Mwanafunzi wa fundi ndiye anayepewa. Na fundi mwema hurudi nyuma yake, akamwaga ndoo ya maji mbele na kungoja kuona yanatokea nyuma kwa muda gani.

Yapo mashaka ambayo usafi hauyaondoi. Mbao zilizobadilishwa ni mojawapo. Mbambakofi ni mti mzito na mgumu, mwembe ni mwepesi kwake. Fundi wa pili aliyeziba ubavu wa kushoto kwa mbambakofi wakati kulia kuna mbao za mwembe alifanya kazi ya kudumu, na hapohapo akaacha uzito upande mmoja. Mashine nayo hubadili mambo. Vyombo hivi viliundwa kwa tanga, na hakuna aliyewaza kuacha nafasi ya chuma kile, hivyo wengi wakaifunga kando kidogo ya katikati ili isigombane na usukani. Kwa mambo kama haya fundi hafanyi ujeuri. Hang'oi mbao nzima, hahamishi mashine inayofanya kazi. Anachukua hesabu ya magunia aliyoipata kwenye ndoo, anapanga farumi upya, anahamisha pipa la dizeli kwenda upande wa pili, anaweka nanga kulia badala ya kushoto, na timazi inarudi juu ya uzi. Kwa maoni yangu ufundi uko hapa zaidi kuliko kwenye tezo. Kujua kwamba chombo hakihitaji kufunguliwa, na kusema hivyo mbele ya mtu aliyekuja tayari kulipa kifunguliwe, ni uaminifu wa hali ya juu.

Lakini yako maradhi ya mwili wenyewe. Kwenye pwani ambayo maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, chombo hupwelewa kila siku. Kinakaa juu ya mchanga maji yakipwa, na kwa kuwa mkuku ni mwembamba, kinalala ubavu. Kikiwa na kituo kimoja chenye mteremko, kitalala ubavu uleule miaka nenda miaka rudi, na shehena ikiwa bado imo ndani uzito wote huangukia pale pale. Polepole tumbo la upande ule huwa bapa. Mataruma huchoka, misumari huliwa na kutu na matundu yake hupanuka, mbao hulegea. Mwisho ubavu mmoja umejaa na mwingine umebonyea, na chombo hakiwezi kukaa sawa majini kwa kuwa chenyewe si sawa.

Ili kulijua hili chombo hupandishwa pwani kwa bamvua, maji yanapofika mbali kuliko siku zote, kisha hutiwa gadi pande zote mbili hadi mkuku usimame wima kwa timazi. Msimu unaofaa ni ule wa kusi kali, wakati safari zimepungua na mwenye chombo hana sababu ya kuhimiza. Fundi anapima kwa uzi kutoka mkukuni hadi ukingoni, taruma kwa taruma, kulia kisha kushoto. Mwanafunzi anashika ncha ya uzi na kutia fundo. Mafundo yakitofautiana mahali pamoja tu, hapo ndipo penye mvunjiko. Yakitofautiana kwa kuongezeka kutoka omo kwenda tezi, chombo kimejipinda kizima, na hilo ni jambo lingine, zito zaidi.

Kuurudisha ubavu uliobonyea ni kazi ya kupwa na kujaa, si kazi ya nguvu. Mbao zimepigiliwa kwenye mataruma kwa misumari mingi, na anayelazimisha hupasua. Fundi huondoa mataruma yaliyooza machache kwa zamu, hayafuatani, ili umbo lisipotee. Kwa ndani au nje, kutegemea mahali, hutia gadi na kabari, akaigonga kabari kidogo, akaacha. Kesho anagonga tena kidogo. Magunia yaliyoloweshwa hutandazwa juu ya ubavu ili jua lisizikaushe mbao zikapasuka. Siku nyingine hagongi kabisa. Anapitisha kiganja kwenye maungio, anasikiliza ubao kwa kuugonga kwa ncha ya nyundo, anakwenda zake. Mpita njia atasema leo fundi hakufanya kazi. Mbao ndizo zilizokuwa kazini siku hiyo, na fundi alikuja kuhakikisha hakuna anayezisumbua.

Taruma jipya halikunjwi. Hutafutwa mti uliokwisha kujipinda wenyewe, mkomafi mara nyingi, ambao shina na tawi lake hutoa kona asiyoweza kuitengeneza mtu. Fundi huenda na kipande cha waya au fito aliyoikunja kwa umbo la ubavu mzima, ule ambao haukubonyea, na akaligeuza upande. Huu ndio werevu unaonifurahisha kuliko mwingine wote katika kazi hii. Kipimo cha ubavu mgonjwa kinatolewa kwa ubavu mzima wa chombo hichohicho, hivyo mkono wa yule fundi wa kwanza, pamoja na mapenzi yake na mazoea yake, unarudi kufanya kazi tena. Fundi wa leo angeweza kuweka umbo analolipenda yeye. Haweki. Linachongwa kwa tezo, linajaribiwa, linatolewa, linachongwa tena. Tundu hutobolewa kwa kekee kabla ya msumari kuingia, na msumari huvikwa pamba iliyolowa mafuta ili maji yasipate njia. Kisha inafuata kalafati, pamba ikishindiliwa kwenye kila ungio la mbao, na chini kabisa deheni ya chokaa na shahamu. Kazi hizi za mwisho zinajulikana na wengi na zimeelezwa mara nyingi, basi sikawii nazo.

Mlingoti huja mwisho, na kwa haki. Mlingoti wa vyombo vyetu huinamia mbele kwa makusudi, ili foromali ipate nafasi ya kugeuka na tanga lisielemee nyuma. Kuinamia mbele ni umbo lake. Kuinamia kando ni kosa, tena kosa dogo lenye matokeo marefu, kwa kuwa uzito wa foromali na tanga uko juu sana, na kila sentimita huko juu ni nyingi. Fundi husimama mbele na timazi yake mkononi, akaufuatisha uzi na mlingoti kwa jicho moja. Kabari za mbao zilizoubana pale unapopita kwenye boriti hulegezwa upande mmoja na kugongwa upande wa pili. Wenye haraka huanza hapa, kwa sababu mlingoti ndio unaoonekana kutoka mbali. Wakiunyoosha mlingoti wa chombo kilicholala, siku chombo kitakapokaa sawa mlingoti utakuwa umepinda upande wa pili.

Bamvua linalofuata chombo hurudi majini. Hakipimwi siku hiyo, maana mbao zilizokaa nchi kavu zinahitaji kunywa maji na kuvimba, na chombo kitavuja kidogo kabla hakijafunga. Siku kadhaa baadaye, asubuhi ya shwari, yanarudi yaleyale: foromali katikati, watu pwani, uzi, risasi, ndoo. Vitu vinarudishwa ndani kimoja kimoja, na kila kimoja kinapoingia fundi anatazama ndoo kabla hajaruhusu kinachofuata. Farumi huwekwa chini kabisa na kubanwa kwa fito ili isihame mawimbini. Yale mawe ya matumbawe ya nahodha wa zamani hubaki pwani, au machache yao hurudi, kwa hesabu sasa na si kwa kukisia.

Jaribio lenyewe ni tanga. Nahodha anatoka na upepo wa mchana kuelekea kisiwa cha Manda, anakwenda joshi moja, anageuza, anakwenda la pili. Fundi hashiki kana. Hukaa karibu na mlingoti, akitazama maji yanavyoachana nyuma ya chombo, kama mkondo umenyooka au unajipinda. Nahodha akikaa kimya na kulegeza vidole vyake kwenye kana, huku chombo kikishika njia yake pande zote mbili, fundi ameshapata jawabu. Mara nyingi hubaki nusu kidole. Mafundi ninaowastahi hukiacha. Chombo cha mti ni kitu chenye uhai wa namna yake, kitalowa, kitakauka, kitapakiwa vibaya na mtu mwenye haraka, na nusu kidole itapotea au kuongezeka bila kumwuliza mtu.

Linaloniudhi ni malipo. Desturi imekuwa kumhesabia fundi siku alizopiga nyundo, kwa kuwa nyundo inasikika. Siku za kutazama, siku za kungoja mbao, asubuhi za ndoo na uzi, zote huingia katika heshima na shukrani, haziingii katika hesabu. Matokeo yake ni kwamba kijana anayejifunza anaona faida iko katika kung'oa na kupigilia, na anakua akifungua vyombo ambavyo vingenyooka kwa kuhamisha pipa moja la dizeli. Nawaomba wenye mashua na majahazi, wa Lamu, wa Unguja, wa Mafia na kwingineko: mkimwita fundi kwa chombo kinacholala, patanani naye ujira wa kutazama kabla ya ujira wa kazi ya mti, na mumlipe hata akisema chombo hakihitaji msumari. Na mwanafunzi wake mlipeni siku hizo pia, ili awe ndani ya mtumbwi fundi anapozunguka.